Kuku Aliyeatamia Jicho Lako

Mke wangu,

Shikamoo. Usinune huko uliko, najua utasema mume gani anamwamkia mkewe. Ni mimi Lusajo, mjukuu wako uliyenichumbia mwenyewe siku niliyozaliwa, kijana mzuri kuliko wote hapa Kinyala, na anayebisha aje tusimame mbele ya kioo.

Bibi, sijui barua ya mtu aliyefariki inaanzaje. Shuleni tulifundishwa barua ya kirafiki na barua rasmi, na mpaka naachia ngazi kidato cha pili hatukuwa tumefika ya kumwandikia mtu aliyezikwa. Labda iko kidato cha tatu. Kwa hiyo vumilia. Isitoshe naandika kwa jicho moja, na mistari inapanda na kushuka kama njia ya kwenda Nkunga wakati wa masika.

Ndiyo, jicho moja. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Jicho langu la kulia limepata ugonjwa wako. Uleule wa kuvimba kwa ndani, upande uleule. Wenzangu wakifiwa na bibi wanarithi migomba. Mimi... hata sijui nimalizie vipi. Nesi anasema si lazima uwe urithi, huwa inatokea tu, mwili unaamka asubuhi na kuanza kuligombeza jicho lake wenyewe. Mama mdogo Atupele anasema ni wewe umenigusa. Kama ni wewe, mke wangu, si ungenigusa hata bega?

Acha nikueleze ilivyoanza. Msimu wa parachichi umefika, na unajua kwenye kuchuma mimi ni namba moja. Siyo majivuno, ni taarifa. Ule mti wako mrefu wa nyuma ya jiko, ambao Gwakisa wa jirani anauogopa na misuli yake yote ile, mimi napanda huku napiga mluzi, nakata tunda na kikonyo chake kama wanunuzi wanavyotaka, na halianguki hata moja. Basi nikiwa hukohuko juu jicho likaanza kuuma. Nikadhani jani limenichapa. Kesho yake likawa jekundu, na mwanga, Bibi, mwanga ukawa adui yangu. Nikawa natembea kwa kufuata vivuli vya migomba kama mwizi. Gwakisa akanipigia kelele, "Oya, nani kakuliza? Yule wa saluni?" Nikamwambia mimi silizwi, mimi ndiye ninayewaliza.

Halafu siku moja nikanyoosha mkono kukata tunda, mkasi ukakata hewa. Nikajaribu tena, hewa. Tunda liko palepale linanitazama. Nikashuka polepole nikawaambia naenda kunywa maji. Sikurudi. Mchumaji asiyejua tunda liko umbali gani anaanguka, au anawekwa chini kupanga matunda kwenye kreti, na mimi kreti hapana. Nikabaki nyumbani nawasikia wenzangu wakiimba juu ya miti, na Gwakisa anaimba kwa makusudi, tena anaimba vibaya.

Nikaenda kliniki ya macho mjini Tukuyu, kwa nesi wako Mwanaidi, yule wa Tanga mwenye Kiswahili kinachoteleza. Kiti kilekile. Mashine ileile ya kuchungulia, unaegemeza kidevu kwenye kikombe chake na paji la uso kwenye mkanda. Nikaweka kidevu palepale ulipokuwa unaweka chako, na ghafla nikataka kukimbia. Sijui kwa nini kidevu. Kaburi lako nilichimba na vijana wenzangu, nikatoa udongo mpaka wakaniambia pumzika nikakataa. Halafu kidevu ndicho kinanishinda.

Akanimulika, kisha akasema, "Wewe si mjukuu wa bibi wa kuku? Hajambo bibi?" Na mimi taa iko ndani ya jicho, siwezi hata kugeuka pembeni. Nikasema, "Alifariki." Akazima taa. Akasema, "Innalillahi. Mbona jicho lilikuwa limepona?"

Hilo swali, Bibi. Hilo ndilo ninalotembea nalo mpaka leo, na hilo ndilo limenifanya nitafute kalamu. Jicho lilipona. Tulihangaika nalo wewe na mimi, likapona, ukawa unaona mpaka kijiko kilichoanguka uvunguni, na baada ya hapo moyo wako ukasimama kwa jambo lake jingine kabisa, ambalo hakuna aliyekuwa analiangalia. Sasa tulikuwa tunalitibu la nini? Nimejaribu kuelewa, siwezi. Nikijaribu naona kama mtu anayepaka nyumba rangi, anasugua mpaka madirisha, anang'arisha, halafu anafunga mlango na kuhama.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi ndiye niliyekupeleka, na mimi ndiye niliyekuwa nakutilia dawa kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Mwanzoni jicho lilikataa kabisa kupona. Nakutilia tone, wewe hapohapo unapepesa kope kama unafukuza nzi, unajifuta na kona ya kitenge, unainuka unakwenda kuwasha moto. Muda si mrefu unapiga ulimi, "Aa, chungu! Imefika." Kila siku imefika. Ukionja uchungu kooni unafurahi, unanishukuru, "Ndaga fijo, mume wangu, dawa imefika." Na mimi nashangaa jicho limeungana na koo tangu lini, lakini nanyamaza, maana kama uliyevaa jicho umesema imefika, mimi ni nani.

Nesi Mwanaidi ndiye aliyetufungua. Alituambia kati ya jicho na pua kuna mfereji mdogo, na kila ukipepesa kope unasukuma dawa iingie humo, ikatokee puani, iteremke kooni. Ukionja uchungu ujue dawa imepotea njia. Nikasema, "Kumbe ni abiria wa kushuka Tukuyu, amepitilizwa mpaka Kyela!" Nesi akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Wewe ulinitazama kwa lile jicho moja zima kwa namna ya kusema huyu ndiye mume wangu, mmemsikia? Usikatae. Nilikuona.

Akatupa kazi. Tikisa chupa kwanza, dawa inalala chini kama unga wa uji. Vuta kope ya chini iwe kama mfuko. Tone moja tu, la pili linamwagika bure. Halafu akasema maneno yaliyotutesa nyumba nzima: "Bibi, ukishatia, fumba jicho dakika tano, na kidole kibonyeze hapa kwenye kona karibu na pua, kuziba ule mfereji."

Yeye alisema fumba. Wewe ulisikia funga.

Nilirudi jioni kutoka kuchuma nikakukuta umekaa barazani na jicho limefungwa kwa kipande ulichochana kwenye kitenge chako cha zamani, kile chenye picha za kuku. Na katika kuku wote wa kile kitenge, mmoja mwekundu, mnene, alikuwa amekaa sawasawa juu ya jicho. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema, "Mke wangu, huyo kuku anaatamia! Vifaranga lini?" Nikakuambia, kwa elimu yangu yote ya kidato cha pili, kwamba nesi alisema fumba, siyo funga. Ukanijibu, "Wewe uliyesoma, una jicho linalouma? Basi niachie langu."

Na kuku akakaa. Nikawa natia tone, nabonyeza kona, wewe unafunga kitambaa juu ya kidole changu, na ukishafungwa hivyo kope hazipepesi, mkono haufuti, na kuinuka kuwasha moto huwezi. Ulikuwa huna saa, na simu yangu hukuiamini, kwa hiyo dakika tano ulizipima kwa umbea. Ulisema dakika tano ni umbea mmoja wa mama mwenye duka, ukisimuliwa vizuri bila kuruka. "Haya, mume wangu, umbea." Na mimi natoa. Mwingine nilikuwa natunga mwenyewe, sasa naweza kukuambia. Yule mwalimu hakuwahi kuanguka kwenye josho la ng'ombe. Ila ulicheka sana kwa hiyo sijutii.

Ukaacha kuonja uchungu. Ukawa na wasiwasi, "Mbona siku hizi haifiki?" Nikakuambia sasa ndiyo inafika. Hukuamini mpaka siku ile nilipokuwa natokea kule kwenye njia ya kisimani, mbali kabisa, nikasikia unapaza sauti mlangoni, "Lusajo! Hilo shati umelala nalo?" Nilisimama pale njiani. Shati lilikuwa chafu kweli. Sijawahi kutukanwa nikafurahi kama siku ile.

Nesi alipokupima alicheka alivyosikia habari za kitambaa. Akakuambia, "Bibi, mimi nilisema ufumbe, lakini hivyo ulivyofunga, umefumba kuliko watu wote ninaowahudumia." Ndipo ukawa bibi wa kuku mpaka kliniki. Na njia nzima ya kurudi ukawa unanisemesha, "Eti siyo funga. Eti kidato cha pili." Mpaka leo sijui nani alishinda. Neno nilikuwa nalo mimi, jicho lilipona lako.

Sasa nifike pale. Nilitaka kuparuka lakini nesi Mwanaidi anasema huwezi kutibu usipochungulia.

Ilikuwa jioni, mvua inanyesha, na dozi yako ilikuwa imepunguzwa mpaka limebaki tone moja la siku, la kumalizia. Nikaingia natikisa chupa. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chako ameshika mkono wako. Akasema, "Lusajo, weka chini hiyo chupa." Nikaendelea kutikisa. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nadhani nilifikiri nikitikisa vizuri... basi.

Jicho lako moja lilikuwa limebaki wazi kidogo, la kulia. Letu. Mama akasema, "Mfumbe." Hakusema mfunge, Bibi. Hata kwenye saa ile nilisikia tofauti. Nikakufumba kwa vidole vyangu viwili, na kidole kikaenda chenyewe kwenye kona, karibu na pua, kikabonyeza. Nikakaa hivyo. Mama akauliza taratibu, "Unafanya nini, mwanangu?" Nikasema nasubiri dakika tano. Hakunizuia. Alikaa akasubiri na yeye.

Umbea sikuwa nao siku hiyo.

Tangu hapo mambo yamebadilika, nikupe habari. Mama mdogo Atupele alichukua blanketi lako la bluu, akasema umemwahidi, na hakuna aliyebishana naye ingawa wote tunajua hukumwahidi. Mama mwenye duka amepaka duka lake rangi ya waridi, linaonekana mpaka mlimani. Gwakisa anasema anaoa, ila msichana bado hajaambiwa. Kile kipande cha kuku hakuna aliyekitaka. Mama alikifua, akakitundika kwenye msumari wa mlango wa chumba chako, na kikabaki pale. Mama mwenyewe alibaki hivyohivyo, ametundikwa. Anapika, analima, anajibu ukimuuliza. Kucheka hakuna. Yule binti yako aliyekuwa anacheka kwa pua mpaka chai inamrudi, kimya. Nilijaribu vichekesho vyangu vyote, hata vile vya uhakika. Anasema, "Sawa, Lusajo." Bora angenipiga.

Katika hali hiyo ndipo jicho langu likaharibika. Nesi alinipa chupa mbili, moja ya kupanua mboni, inayonifanya nione karibu kama niko ndani ya ukungu, na ile yako nyeupe ya kutikisa, kila saa nikiwa macho. Akanionyesha yote upya. Nikamwambia, "Nesi, usinifundishe, mimi nilikuwa fundi wa hii kazi." Na kweli nilikuwa fundi, ila kwa jicho la mtu mwingine. La kwako mwenyewe, Bibi, unalenga jicho tone linatua kwenye nyusi. Unalenga tena, sikioni. Na likiingia kwa bahati, napepesa mara mbili naenda zangu, maana kijana kama mimi kulala chali mchana na kufumba macho kama mgonjwa, watu watasemaje? Na yule kuku hata sikumfikiria. Mimi nijifunge kuku usoni, Kinyala yote inapita barazani! Nikawa naonja uchungu kooni. Kila siku. Na kila nikionja nasikia sauti yako, imefika, imefika, na moyoni najua iko Kyela.

Nikarudi kliniki. Nesi akanichungulia muda mrefu. Akasema ndani ya jicho langu bado kuna chembe nyingi zinaelea, kama vumbi kwenye mwanga. Mara moja nikajua anachokisema. Ni lile tundu la msumari kwenye bati juu ya kitanda chako, asubuhi mwanga unapita pale kama fimbo, na vumbi linacheza ndani yake. Kumbe lile vumbi liko kichwani kwangu. Akaniuliza, "Unafumba?" Nikasema nafumba. Akaniangalia tu. Akasema nikirudi na hali hii atanipeleka Mbeya, wakapeleke dawa kwa sindano, pembeni ya jicho.

Bibi, mimi napanda mti wowote. Nyoka nimeua kwa jembe mbele ya mashahidi. Lakini sindano ya jicho!

Nikamuuliza kwa hasira, maana nilikuwa naogopa, "Nesi, watu wamefika mwezini, tone linashindwaje kufika nyuma ya kioo cha jicho? Si hapo tu, ukucha mmoja?" Hakukasirika. Akasema jicho limeumbwa kukataa wageni. Machozi yanasuuza, kope zinasukuma, na kioo chenyewe kina tabaka juu ya tabaka, moja linapitisha chenye mafuta, jingine linapitisha chenye maji, kwa hiyo dawa inayopita hapa inakwama pale. Katika tone zima kinachofika ndani ni kidogo sana. Akasema kuna watu duniani kazi yao ni kulihangaikia tone tu. Wengine wanatengeneza dawa nyepesi inayogeuka nzito kama uji ikishagusa jicho. Wengine wanaivunja kuwa chembe ndogo mno zinazonata, ziling'ang'anie jicho zisisuuzwe. Wengine wanaibeba ndani ya vitone vya mafuta. Nyingine zimeshaanza kutumika huko kwa wenzetu, nyingine bado zinajaribiwa.

Nikasema, "Basi nipe hiyo ya kunata." Akasema, "Sina. Nina hii, na gundi yake ni kope zako. Ukifumba, inanata. Usipofumba, unampeleka abiria Kyela." Alilikumbuka, Bibi! Neno langu mwenyewe likanipiga usoni. Akaongeza, polepole, "Bibi yako hakuwa na dawa bora kuliko yako."

Nilirudi nyumbani kichwa kimejaa. Sielewi, Bibi. Watu wenye maabara na mashine wanatafuta namna ya kulikalisha tone juu ya jicho, na wewe ulilikalisha kwa kuku, tena kwa kusikia vibaya. Sasa hiyo ni akili au ni bahati? Na mimi niliyesikia vizuri, niliyekuwa na neno sahihi, jicho langu lina vumbi. Nilikaa mlangoni kwako nikimtazama yule kuku kwenye msumari. Nikaona kama ananicheka. Nikamshusha.

Nikalala kwenye kitanda chako. Kwanza tone likaenda shavuni. La pili likaingia. Nikafumba, nikabonyeza kona, nikazungusha kitambaa nikakifunga juu ya kidole na kila kitu. Kinanuka sabuni, Bibi, hakinuki wewe. Nilitegemea nikifumba nitakuona. Watu husema hivyo. Sikukuona. Niliona wekundu, halafu weusi, halafu kitu kama majani ya mgomba. Basi nikaanza umbea, ndiyo mazoea. Nikawa nakusimulia habari za duka la rangi ya waridi, kwa sauti ya chini, peke yangu, na kuku usoni.

Nikasikia mkungu wa ndizi unatuliwa chini mlangoni. Mama alikuwa amerudi shambani. Sikusikia hatua, sikusikia neno. Nikajua ananiangalia. Nikajua pia navyoonekana. Nikasubiri aseme "sawa, Lusajo."

Akasema, "Umefumba au umefunga?"

Nikasema, "Vyote."

Ikatoka, Bibi. Ile ya puani. Kwanza kidogo, halafu nyingine, halafu akakaa kitandani kitanda kikawa kinatikisika, na nikasikia kama analia, halafu kama anacheka, sijui kilikuwa kipi kwa kuwa macho yalikuwa yamefumbwa na dakika tano hazijaisha. Sikufumbua. Nikalala tu natikisika naye. Akafuta uso wake na mwisho wa kitambaa, ule unaoning'inia. Kisha akasema, kwa sauti yako hasa, "Haya, umbea."

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenitilia. Mkono wake unatetemeka kidogo lakini analenga kuliko mimi. Simu niliyoitega ikilia kila saa anaacha alichoshika, anakuja anatikisa chupa. Na anaongea, Bibi! Ndani ya zile dakika tano anaongea mpaka wakati mwingine tone linamaliza kazi yake na umbea bado uko katikati. Ameniambia mambo yako ya usichana ambayo mume hakupaswa kuyajua. Tutayazungumza siku nyingine.

Siku moja nikamuuliza lile swali langu. Nikamwambia, "Mama, tulimtibu jicho la nini, kama alikuwa anaondoka?" Alikuwa anakaza kifuniko. Akasema, "Alikuwa anasimama mlangoni kila jioni akuone unavyokuja kwa njia ya kisimani. Ulitaka akuone na ukungu?"

Sijui kama hilo ni jibu. Nimelizungusha, nimelitikisa, sijui. Lakini nimeacha kulinganisha na nyumba iliyopakwa rangi. Ile haikuwa na mtu mlangoni.

Jana nilikuwa kliniki. Niliweka kidevu pale, kikavumilia. Nesi akachungulia, akachungulia, nikasikia anapumua. Akasema vumbi limepungua sana. Zimebaki chembe za kuhesabika. Mbeya hakuna, kwa sasa. Niendelee, nisiache ghafla hata nikijiona mzima, atanipunguzia kidogokidogo kama alivyokupunguzia wewe. Sikupiga kelele za furaha. Nilipiga kidogo. Mgonjwa aliyefuata aliingia kabla hajaitwa, akidhani kuna mtu kachomwa.

Leo asubuhi nikaenda nyuma ya jiko kwenye mti wako. Sikupanda, usiogope, Mama alikuwa dirishani. Nilinyoosha tu mkono kwenye tunda la tawi la chini. Mara ya kwanza mkasi ulikata hewa. Nikafumba, nikafumbua, nikajaribu tena polepole. Ukagusa kikonyo. Lilitua kiganjani zima, na kikonyo chake. Gwakisa alikuwa anapita akasema, "Tunda moja tu ndiyo unashangilia hivyo?" Nikamwambia asubiri, kwenye mti huu yeye bado anaogopa tawi la pili.

Mke wangu, ninaahidi. Nitatia mpaka nesi aseme basi, siyo mpaka mimi nichoke. Siku nitakayoruhusiwa kupanda, tunda la juu kabisa, lile la kileleni ulilokuwa unasema ni la ndege, nitalikata kwa mkono wangu na nitamletea Mama, ale yeye na ale kwa niaba yako. Mama nitamfanya acheke hata kwa uongo, habari ya mwalimu na josho bado sijamsimulia. Na Kiswahili cha mtu sitakisahihisha tena. Isipokuwa cha Gwakisa.

Simu imelia. Mama anatikisa chupa huko sebuleni, ananiita, anasema ana umbea mpya wa duka la waridi na siwezi kuandika na kuku usoni. Ni kweli. Kwa hiyo naishia hapa, ingawa kuna mengi sijaelewa.

Lala, Bibi. Wewe nilishakufumba vizuri, baki hivyohivyo, usihangaike. Mimi nafumba dakika tano tu, halafu nafumbua.

Mumeo,
Lusajo